Neno "Ajabu" na Kazi ya Mtu

Siku hizi twasikia kila jambo kubwa likiitwa ajabu. Mtu akichonga mlango vema, ajabu. Mtoto akihesabu upesi, ajabu. Matumizi haya hatuyapendi, kwani ajabu ni neno la mtazamaji: laeleza mshangao wake, wala halimtaji aliyetoka jasho.

Tumtazame Filbert Bayi wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Tena aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, hali wakimbiaji wengi hukaa nyuma ya wenzao wakingoja mzunguko wa mwisho. Tukisema "ajabu" tu, hayo yote yamefichika. "Hodari" lafaa zaidi, maana hodari ana nguvu na moyo pia. Na "stadi" vilevile, kwa kuwa alijua kuzigawa pumzi zake.

Na "bingwa" je? Neno hili lilikuwa la mjuzi wa kazi yake, hata asiposhindana na mtu. Leo wengi humpa mshindi wa mchezo peke yake, na fundi wa jahazi, asiyepewa kikombe na mtu, amenyang'anywa sifa yake. Hilo latuuma.

Walakini nasi walimu tumo. Twaandika "vizuri sana" katika daftari, kisha twalifunga. Mtoto mmoja aliturudia akauliza, "Mwalimu, kizuri ni kipi?" Ikatubidi kulisoma daftari lake upya.