Mboga, Madini na Damu: Uchambuzi wa Istilahi za Lishe

Istilahi hupimwa kwa matendo inayomwezesha mtumiaji kuyafanya. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuchambua istilahi tatu zitumikazo katika mafunzo ya lishe kwa watu wasiokula nyama: "mla mboga", "madini ya chuma" na "upungufu wa damu". Tutazipima kwa kuwafikiria wasikilizaji wa Buseresere, wilayani Chato, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, penye wakulima na wachimbaji wa dhahabu.

Tuanze na "mla mboga". Mboga ni majani ya kupikwa. Lakini vilevile ni kitoweo chochote kinachoteremshia ugali. Katika Kanda ya Ziwa mtu husema bila kusita kwamba mboga ya leo ni dagaa, au ni nyama. Kwa maana hiyo kila mtu ni mla mboga, na istilahi haimbagui yeyote. Tunapendekeza "asiyekula nyama", na ikibidi, "asiyekula nyama wala samaki". Ni maneno marefu zaidi, lakini hayana utata.

"Madini ya chuma" haina kosa kisayansi, na katika vitabu vya kemia ibaki. Hata hivyo, katika ukanda wa dhahabu madini ni kitu kitokacho shimoni, kikapondwa na kuoshwa. Jambo hili si dogo, kwani wako wajawazito wanaokula udongo, na udongo huo waweza kuzuia chuma kisifyonzwe mwilini. Neno linaloelekeza fikra ardhini halimsaidii mkunga. Katika mafunzo ya lishe yafaa kusema "kirutubishi cha chuma", neno linaloelekeza fikra chunguni.

"Upungufu wa damu" nayo huleta picha ya debe lisilojaa. Ndiyo maana watu wengi hutafuta vinywaji vyekundu, kana kwamba wekundu wenyewe ni damu. Aghalabu kilichopungua ni himoglobini, inayobeba oksijeni, na chuma ni sehemu yake. Tena hali hiyo ina sababu nyingi, zikiwamo malaria na minyoo ya safura. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, wala hatutaki ifutwe. Tunachotaka ni mfasiri aitenge na "upungufu wa chuma", ambao ni mojawapo tu ya sababu zake. Vivyo hivyo, "vidonge vya kuongeza damu" viitwe vidonge vya chuma.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni neno linaloachwa: ufyonzwaji. Aghalabu mafunzo hutaja mchicha, kunde, choroko na maharage, yakakomea hapo. Ilhali chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama. Vitamini C ya chungwa, pera au ndimu hukisaidia. Chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Fitati zilizomo katika nafaka na kunde hukizuia pia, nazo hupunguzwa kwa kuloweka, kuchachusha na kuotesha. Kwa nafaka iliyooteshwa Kiswahili kina neno lake zuri, "kimea", na hapana haja ya kubuni jingine. Kanuni za Tanzania za kuongeza virutubishi katika unga zilitolewa mwaka 2011, lakini unga unaosagwa kwenye mashine ndogo ya kijijini aghalabu hauna nyongeza hiyo. Kwa hiyo maarifa ya jikoni bado yana uzito.

Tunapendekeza basi sentensi kama hii: "Asiyekula nyama ale kunde pamoja na chungwa, na chai ainywe saa moja au zaidi baada ya chakula." Kwa mjamzito iongezwe kwamba chakula pekee huenda kisitoshe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa vidonge. Basi asiviache vile alivyopewa kliniki. Sentensi hizi hazihitaji mkalimani Buseresere. Mfasiri atakayeridhika na "mla mboga apate madini" atakuwa ametimiza kazi yake mezani, na kumwacha mama yule bila msaada.