Makaburi ya Sanga na Waliyoyachimba

Wasomaji wetu, wako watu wasemao kwamba nchi yetu haikuwa na historia kabla ya kuja wageni. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga, yanakanusha maneno hayo.

Bwana Jacques Nenquin alichimba huko mwaka 1957, na Bwana Jean Hiernaux mwaka 1958. Walikuta vyungu vizuri mno, na vitu vya chuma, shaba na pembe za tembo. Twasifu kazi yao. Lakini je, aina mbalimbali za vyungu zilikuwa za wakati mmoja, ama zilifuatana? Swali hilo walituachia.

Bwana Pierre de Maret, aliyechimba tangu mwaka 1974, ndiye aliyelijibu: zilifuatana, karne baada ya karne. Tena aliitazama misalaba ya shaba. Ile ya kwanza ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo, mingi, yenye kipimo karibu kimoja. Kwa hiyo aliona kwamba shaba ya heshima iligeuka kuwa fedha. Hiyo ndiyo akili ya mchimbuaji hodari: hatafuti hazina, anatafuta watu.

Hata hivyo tuna maneno mawili. Kaburi laonyesha namna watu walivyozikana, si namna walivyopika na kulala. Nyumba zao twazijua kidogo sana. Tena vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mtoto wa Kisale atawajuaje babu zake, asiposimuliwa kwa lugha anayoisikia?