Kitabu cha Mwili wa Mtu

Mwaka 1543, katika mji wa Basel, kilitoka kitabu kikubwa cha Kilatini chenye kurasa karibu 700 na picha zaidi ya 200. Jina lake De humani corporis fabrica, maana yake, Juu ya muundo wa mwili wa mtu. Aliyekiandika ni Andreas Vesalius, mzaliwa wa Bruxelles, mwalimu wa upasuaji katika chuo kikuu cha Padua. Wengi hukisifu kwa ajili ya picha zake tu. Sisi twaona kwamba sifa yake kubwa iko mahali pengine, na lawama yake vilevile.

Tutazame kwanza desturi ya zamani. Mwalimu alikaa katika kiti cha juu akisoma maneno ya Galenus, mganga Mgiriki wa karne ya 2. Chini yake kinyozi alipasua maiti. Kisu kikionyesha jambo moja na kitabu kikisema lingine, kitabu ndicho kilichoaminiwa. Vesalius alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Picha ya kwanza ya kitabu yamwonyesha hivyo, mkono wake juu ya maiti.

Aliona nini? Galenus alifundisha kwamba taya la chini lina mifupa miwili. Vesalius aliona mmoja. Watu walidhani mwanamume amepungukiwa ubavu mmoja kwa sababu ya Adamu. Yeye alizihesabu mbavu, akakuta mume na mke wako sawa, 24 kila mmoja. Kumbe Galenus alikuwa amepasua kima na nguruwe, kisha akadhani mtu yuko vivyo hivyo. Jacobus Sylvius, aliyemfundisha Vesalius mjini Paris, alikasirika sana. Alijibu kwamba Galenus hakukosea. Ni miili ya watu iliyobadilika tangu siku zake! Ndivyo asemavyo mtu asiyetaka kutazama.

Lakini tusimfanye Vesalius malaika. Galenus alisema kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kwa matundu yasiyoonekana. Vesalius hakuyaona, walakini mwaka 1543 aliandika kwamba yatupasa kustaajabia kazi ya Muumba anayeipitisha damu hapo. Kumstaajabia Mungu ni vema. Kufunika ujinga wetu kwa jina lake si vema. Tena asimulia bila haya jinsi alivyoiba, nje ya mji wa Louvain, mifupa ya mtu aliyeuawa kwa hukumu, akaiingiza mjini kwa siri. Elimu ya uganga imejengwa pia juu ya wanyonge ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Haifai kuwasahau.

Basi, tukipime vipi kitabu hiki? Mwaka 1555 Vesalius alikitoa mara ya pili, na safari hii alikiri waziwazi kwamba haoni namna damu, hata kidogo sana, iwezavyo kupenya ukuta ule. Njia yenyewe hakuijua. William Harvey, aliyesoma Padua baadaye, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kwa hiyo twapenda toleo la 1555 kuliko lile la kwanza. Kumsahihisha mwalimu aliyekufa zamani si kazi ngumu sana. Kujisahihisha mwenyewe, mbele ya wasomaji wale wale, ndiyo kazi ya mtu mwenye elimu.