Vitabu Vinne vya Imani, na Kimoja Ninachojutia Kukiazimisha



Vijana ninaofanya nao kazi huniambia mara nyingi: "Yaya, nipe kitabu cha kunitia moyo." Mimi si mchungaji wala padri. Nilimaliza sekondari tu, na kazi yangu ni animateri wa vijana wakimbizi, wengi wao Wakongo waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu. Ila ufunguo wa kabati la vitabu ninao mimi, basi swali linaishia kwangu. Leo nalijibu kwa maandishi. Lakini kwanza nikiri kosa.

Kuna dada mmoja, jina lake nalihifadhi. Alivuka kuja Burundi na mdogo wake tu. Mama yake walipotezana njiani. Aliponiomba kitabu, nilimpa kimoja kutoka kwenye katoni tuliyoletewa kama msaada. Jalada lilikuwa zuri, bwana amevaa suti, anacheka. Sikuwa nimekisoma. Kinafundisha kwamba mwenye imani ya kutosha hapungukiwi na kitu: anaomba, anatamka, anapokea. Baada ya wiki mbili alikirudisha, akaniambia kwa sauti ndogo: "Yaya, nimeelewa sasa. Mama haonekani kwa sababu mimi siombi vizuri."

Nilikosa la kumjibu. Miezi kadhaa hakuja tena kwenye kikundi.

Tangu hapo, kabla sijatoa kitabu cha imani najiuliza swali moja tu: ukurasa huu naweza kuusoma kwa sauti mbele ya dada yule? Kama siwezi, kitabu kinabaki kabatini. Hivi vinne vimepita mtihani huo, ingawa kila kimoja kina upungufu wake.

Cha kwanza ni Safari ya Msafiri cha John Bunyan. Huyu alikuwa fundi wa kuziba masufuria kule Uingereza, akafungwa miaka 12 kuanzia 1660 kwa sababu alikataa kuacha kuhubiri bila kibali. Kitabu kilitoka 1678, na Kiswahili chake kipo. Kinamweleza mtu anayekimbia mji utakaoangamizwa, mgongoni ana mzigo, njiani anatumbukia kwenye tope la kukata tamaa. Nani kati yetu atahitaji kuelezwa habari hiyo? Pale anapofungwa ndani ya ngome ya mashaka na kupigwa, kijana mmoja wa kikundi aliinuka akatoka nje kupunga hewa, kisha akarudi kusikiliza. Baadaye msafiri anakumbuka kwamba ufunguo wa kumtoa, yaani ahadi ya Mungu, alikuwa nao kifuani muda wote. Naomba muone: alikuwa na ufunguo, na bado alipigwa. Bunyan hasemi kwamba aliyepigwa hakuwa na imani.

Lakini mama mmoja kijana aliyekuwa amebeba mtoto alinisimamisha ukurasa wa mwanzo kabisa. "Sasa ule papa alikimbia peke yake? Na batoto, je?" Ni kweli, msafiri anaziba masikio na kuacha mke na watoto nyuma. Kwa watu wa amani huo ni mfano tu. Kwetu sisi ni jambo ambalo mtu halisahau maisha yake yote. Mwaka 1684 Bunyan alitoa sehemu ya pili, ambamo mke na watoto nao wanashika njia ileile. Yeye mwenyewe alipofungwa alikuwa ameacha nyumbani watoto wanne, mmoja kipofu. Nadhani jambo hilo alilijua kwa uchungu. Ushauri wangu ni huu: ukisoma sehemu ya kwanza, usiache ya pili. Na yale mahojiano marefu ya mafundisho, ukichoka, yaruke bila kuona haya.

Cha pili ni cha Askofu Festo Kivengere wa Uganda, I Love Idi Amin, cha mwaka 1977. Jina lake maana yake ni "Nampenda Idi Amin", na nikilitaja tu watu wanakasirika. Vizuri, wakasirike, kisha wasome. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere naye akatafutwa, akavuka milima usiku kwa miguu pamoja na mke wake Mera mpaka Rwanda. Kwa hiyo aliyeandika ni mkimbizi kama sisi, na aliandika mwaka uleule, jeraha likiwa bado bichi. Wala kumpenda Amin hakukumfunga mdomo, maana aliyasema mauaji yale mbele ya dunia. Amin alipoangushwa mwaka 1979, yeye alirudi nyumbani. Ni kitabu kidogo, siku mbili unakimaliza. Upungufu ninaouona: askofu akikimbia anapokelewa na dunia nzima. Mkulima aliyekimbia usiku huohuo hana wa kumwandikia kitabu.

Cha tatu ni cha hapahapa Burundi. Padri Zacharie Bukuru alikuwa mkuu wa seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, tarehe 30 Aprili 1997. Asubuhi ile wenye silaha waliingia, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana walikataa kutengana, na 40 wakauawa. Kitabu chake, Les quarante jeunes martyrs de Buta, kilitoka 2004 kwa Kifaransa.

Kwa nini niwasomee vijana habari nzito hivi? Kwa sababu mabenchi ya kikundi chetu nayajua. Huku wanakaa wa kabila hili, kule wa kabila lile, na ugomvi wa milimani kule Kongo umevuka Rusizi pamoja nasi. Nilisoma sehemu ya asubuhi ile, nikatafsiri polepole. Mmoja akauliza: "Mimi ningebaki na wenzangu?" Hakuna aliyemjibu, nami sikumjibu. Jumamosi iliyofuata mabenchi yalikuwa vilevile, sitadanganya. Ila swali lile bado tunalirudia wenyewe kwa wenyewe. Ninachoogopa ni kitabu hiki kusomwa kama sifa za mashujaa tu, hadi aliyekimbia akapona ajione mwoga. Kupona si dhambi. Bukuru mwenyewe alipona, na kwa sababu alipona sisi tunayajua.

Cha nne ni Unlocking Horns cha mchungaji David Niyonzima wa kanisa la Marafiki, alichoandika na Lon Fendall, mwaka 2001. Mwaka 1993 wanafunzi wake waliuawa Kwibuka. Yeye alijificha, akaokoka. Baadaye alikutana na mmoja wa waliohusika, akamsamehe. Hapa nina neno kwa wachungaji wetu na kwa wafanyakazi wa mashirika pia: tafadhali, msitumie kitabu hiki kama rungu. Nimeshaona mtu akiambiwa mbele ya wengine, "Mbona Niyonzima alisamehe?" Huyu mchungaji hakuishia kwenye kusamehe, alianzisha pia THARS, shirika linalohudumia watu waliojeruhiwa rohoni. Maana yake alijua kwamba kidonda kinahitaji kutibiwa, na matibabu yanakwenda na siku zake. Msamaha si fomu, useme mtu atie saini halafu faili lifungwe.

Mmeona tatizo jingine: kati ya vitabu vinne, kimoja tu ninakisoma kwa Kiswahili. Vingine tunavisoma kwa mdomo. Mimi natafsiri, wa nyuma wananisahihisha, hivyo ndivyo tunavyosoma kila Jumamosi huku Buterere. Ninyi mnaoleta katoni, tunashukuru kweli. Lakini mkitaka kutusaidia zaidi, tuulizeni kwanza tunasoma lugha gani. Afadhali nakala kumi za Kiswahili kuliko katoni nzima ya bwana wa suti.

Na yule dada? Nilipomtembelea sikubeba kitabu chochote cha hivi, nilikwenda na Biblia. Tulisoma Zaburi ya 88, ambayo mwandishi wake analia kwa Mungu tangu mwanzo na kumalizia bado yuko gizani. Hakuna mstari wa mwisho wa kushangilia. Alichukua Biblia mkononi mwangu, akaangalia ukurasa mwenyewe, akauliza: "Hii nayo iko ndani kweli?" Nikamwambia iko, na waliokusanya zaburi hawakuiondoa.

Mama yake bado hajapatikana. Jumamosi nyingine dada anakuja, nyingine haji. Akija, anakaa karibu na mlango, na akitaka kusoma yeye, namwachia kitabu.