Jeshi Bila Wachukuzi: Kusoma Age of Fantasy Kabla ya Kuucheza

Karatasi zimetoka kwa printa ya saiba zikiwa bado na joto. Jamaa wa saiba amezipindua mara mbili, akaangalia picha ya jitu lenye shoka, kisha akaniuliza kama hii ni kazi ya shule. Nikamwambia ni mchezo wa vita. "Wa simu?" Zii, wa meza. Akanitazama vile watu wa Navakholo humtazama mtu aliyesoma sana akarudi nyumbani bila kazi.

Mchezo wenyewe unaitwa Age of Fantasy, na umetungwa na watu wanaojiita OnePageRules. Bado sijaucheza. Nitaucheza Jumamosi na binamu yangu, na ninaandika haya mapema makusudi. Ukishacheza, unakumbuka tu kama ulishinda au ulishindwa. Kabla ya hapo una kanuni peke yake, na kanuni zina mengi ya kusema kuhusu dunia ambayo mtungaji wake anaiona kuwa ya kawaida.

Kwa wale hawajawahi kuona kitu kama hiki, picha ni hii. Mnatandika meza, futi 6 kwa 4 mkiwa na nafasi. Mnaweka vijilima, kuta na miti ya bandia. Kila mmoja anapanga jeshi la visanamu, mnapima mwendo kwa inchi na kuamua mapigano kwa dadu. Ni ukoo mrefu. Mwaka wa 1913 Mwingereza H. G. Wells, yule wa riwaya za kisayansi, alichapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bati, Little Wars. Mwaka wa 1971 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Jeff Perren, walitoa Chainmail. Ilikuwa ya vita vya enzi za mashujaa wa farasi, lakini nyuma yake palikuwa na nyongeza ya mazimwi na wachawi. Warhammer ya Games Workshop ikafuata mwaka wa 1983, na tangu hapo biashara kubwa imekuwa kuuza visanamu. Hapo ndipo wengi wetu tulifungiwa nje. Visanamu vya jeshi moja ni pesa ya mtu kulipa karo.

Age of Fantasy imefungua huo mlango. Kanuni za msingi ni za bure, orodha za majeshi ni za bure, na hata programu ya kupanga jeshi ni ya bure. Wenyewe wanauza faili za kuchapia visanamu, lakini kanuni zao hazikulazimishi kutumia visanamu vyao. Tumia chochote ulicho nacho, bora mwenzako aelewe kipi ni kipi.

Hiyo sentensi moja ilinifanya nifunge karatasi nicheke. Pale steji, chini ya mti, watu wa boda wanacheza drafti kila siku kwa vifuniko vya soda. Upande mmoja unaviweka vifuniko vikiwa vimelala kifudifudi, mwingine chali, na kingi anapandishwa juu ya mwenzake. Hakuna aliyewahi kusema drafti hiyo si halisi kwa sababu vipande havikutoka dukani. Na sisi sote tuliokulia huku tumefinyanga ng'ombe wa udongo wa mtoni, tukawapiganisha hadi pembe zikavunjika. Kumbe tulikuwa na jeshi muda huo wote, tulikosa tu kanuni.

Sasa kanuni zenyewe. Kila kikosi kina namba mbili kuu: ubora na ulinzi. Unaposhambulia, unatupa dadu ukitafuta namba ya ubora wako au zaidi. Ukipata, adui naye anatupa akitafuta namba ya ulinzi wake. Akikosa, ameumia. Basi. Hakuna majedwali ya kurasa kumi wala hesabu za kukukumbusha KCSE. Dadu za ludo zinatosha.

Kilichonifurahisha zaidi ni zamu. Katika michezo mingi ya kale ya aina hii, mmoja anasogeza jeshi lake lote huku mwingine amekunja mikono anaangalia watu wake wakichinjwa. Hapa mnapokezana: kikosi kimoja chako, kimoja changu. Ni mahojiano, si hotuba. Hata kwenye karatasi unaiona tayari ile sekunde ya shaka: nimtume huyu mkubwa sasa, au nimngoje mwenzangu ajitoe kwanza? Mtu yeyote aliyekaa kando ya drafti anaijua hiyo sekunde. Ndiyo inayoleta watazamaji.

Kanuni ya pili niliyoipenda ni ya moyo. Kikosi kikijeruhiwa hadi kikabaki nusu au chini ya nusu, kinajaribiwa kwa dadu. Kikishindwa, kinatetemeka, na kama ni katika mapigano ya ana kwa ana, kinaweza kutoweka mezani kabisa. Ukitaka kuelewa kwa nini hili ni sahihi, panda gari uende upande wa Shinyalu au Khayega siku ya mafahali, isukuti zikilia. Hakuna anayengoja fahali afe. Fahali mmoja anageuza shingo, anakimbia, na mechi imeisha. Vita huamuliwa na anayegeuka kwanza. Mtu aliyeandika kanuni hii huenda hajawahi kusikia jina Kakamega, lakini hilo amelijua.

Pia ushindi hauhesabiwi kwa maiti. Mnaweka alama kati ya 3 na 5 mezani, mnacheza raundi 4, na mwenye alama nyingi mwishoni ndiye mshindi. Unaweza kuwapoteza karibu wote na bado ukashinda kwa sababu mzee mmoja mkaidi alikataa kutoka penye jiwe. Huo ni uandishi mzuri wa hadithi, ingawa umeandikwa kwa inchi.

Sasa yale yanayonisumbua.

La kwanza ni pointi. Kila askari ana bei yake kwa pointi, na majeshi mawili hukutana yakiwa na jumla sawa. Kama mchezo, ni haki kabisa, sitaki kufinywa na binamu yangu mwenye majitu kumi. Lakini fikiria Chetambe, ng'ambo ya Nzoia karibu na Webuye. Mwaka wa 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya boma lao la ukuta wa udongo na handaki, kama walivyofanya kwanza kule Lumboka. Waliowajia ni jeshi lililoongozwa na Waingereza, likiwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wawanga, na bunduki nyingi kuliko zilizokuwa ndani. Hakuna aliyehesabu pointi siku hiyo. Ndiyo maana nasema joka si kitu cha ajabu kuliko vyote kwenye karatasi hizi. Cha ajabu kuliko vyote ni usawa. Vita ambamo pande mbili zimekubaliana kuwa sawa kabla ya kuanza, hiyo ndiyo fantasia yenyewe, na sisi wa huku tunapaswa kuisoma tukijua hivyo.

La pili ni wachukuzi. Nimepitia orodha za majeshi nikitafuta mtu mmoja aliyebeba chakula. Hakuna. Wells alichapisha kitabu chake 1913, na mwaka uliofuata vita vya kweli vikafika Afrika Mashariki. Huku kwetu wanaume hawakuchukuliwa kuwa askari tu. Walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na tunalitaja kila siku tukienda kununua viatu. Kwa hivyo nikiona jeshi la visanamu hamsini ambavyo vyote vimeshika silaha, swali langu ni moja: nani amewapikia? Sisemi mchezo ugeuke somo la historia. Nasema kanuni inayosahau mgongo uliobeba gunia inasimulia vita kutoka kwa mtu aliyepanda farasi.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Nilijaribu kumwandika Lwanda Magere wa jirani zetu Waluo kama shujaa wa mchezo huu. Mwili wa jiwe, mkuki haupiti. Nikampa ulinzi wa juu kabisa. Haikuwezekana. Kanuni inasema 6 daima inafaulu na 1 daima inafeli. Maana yake, hata mtu wa jiwe, dadu ikiangukia 1, ameumia. Anaweza kuuawa na kijana yeyote mwenye upinde na bahati.

Lakini Magere hakufa kwa bahati. Maadui walimpa mke. Siku alipougua, alimwambia mke achanje kivuli chake badala ya mwili na kupaka dawa hapo, na mke akapeleka siri kwao. Kivuli kikachomwa mkuki. Pwani nako, Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyejua kwamba ni sindano ya shaba tu kitovuni ingemweza. Katika masimulizi yetu shujaa haumizwi na namba. Anaumizwa na mtu aliyemwamini. Age of Fantasy haina siri hata moja: karatasi yangu iko wazi kwako, yako iko wazi kwangu. Ni mchezo wa heshima sana. Heshima hiyo inaua kitu ambacho kukhu alikijua vizuri alipotusimulia kuhusu linani jioni: linani halishindwi kwa nguvu, linashindwa na mtoto aliyegundua mahali lilipoficha roho.

Na kuhusu majeshi yenyewe: yapo ya watu warembo wa masikio marefu, ya wafupi wenye ndevu, ya panya wanaotembea wima, ya orki, ya wapanda farasi wa deraya. Afrika niliitambua mara moja tu, katika jeshi la maiti waliokaushwa kwa mtindo wa Misri. Yaani tumeingia mezani, lakini tumeingia tukiwa tumekufa na kufungwa vitambaa. Sidhani kuna ubaya uliokusudiwa. Wamerithi kabati la nguo la michezo iliyowatangulia na kabati hilo halikuwa na nguo zetu. Bado, inauma kidogo.

Najua kuna msomaji anauliza, buda, si ucheze kwanza? Ni kweli kuna mambo siwezi kuyajua sasa: kama raundi ya tatu inachosha, kama kupima inchi kunaleta ugomvi, kama binamu yangu ataiba. Hayo yangoje. Ninachojua tayari ni kwamba huu ni mchezo wenye mifupa mizuri na masikio mafupi. Zamu na moyo vimeandikwa na mtu anayeelewa vita kama hadithi. Pointi na orodha zimeandikwa na mtu ambaye hadithi zetu hazijawahi kumfikia. Na kwa kuwa kanuni ni za bure na vipande ni vyovyote, kuzifikisha ni kazi yetu.

Kwa hivyo Jumamosi kutakuwa na mabadiliko mawili, na binamu amekubali, ingawa alidai soda. Kila jeshi litakuwa na punje sita za mahindi, ndio wachukuzi. Kikosi ambacho hakina punje ndani ya inchi 6 hakiwezi kushambulia. Na kabla ya kuanza, kila mmoja ataandika kwenye kikaratasi udhaifu wa shujaa wake, shujaa ambaye vinginevyo hadhuriki kabisa, kisha akifiche chini ya kifuniko kimoja cha soda kati ya vitatu nyuma ya mstari wake. Adui akifika hapo, anafunua kimoja tu.

Nimeshafinyanga Magere wangu. Anakaukia dirishani, pembeni ya fahali wawili, na nimemsimamisha mahali jua la jioni linampata ili awe na kivuli kirefu.