Herufi Moja, Mistari Mia

Mshairi wa Kisomali anayetunga shairi la aina ya gabay hujifunga kwa sharti zito kabla hajatamka lolote. Huchagua sauti moja, tuseme d au g, na tangu hapo kila nusu ya kila mstari lazima iwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, hata shairi likifika mistari mia. Katika ushairi wetu wa Kiswahili vina hukaa mwishoni mwa vipande vya mstari na huweza kubadilika ubeti hata ubeti. Malenga akiishiwa na -ka, atahamia -ma. Mtunzi wa gabay hana pa kuhamia. Tena ana mizani inayopima irabu fupi na ndefu, ambayo vizazi viliifuata kwa sikio tu, mpaka mshairi Gaarriye alipoieleza kanuni yake kwa maandishi mwaka 1976. Kazi yote hiyo hufanywa kichwani. Kisomali chenyewe kilipata alfabeti rasmi mwaka 1972.

Sanaa hii haikuwahi kutambua mpaka wa nchi. Garissa, nchini Kenya, kuanzia ukingo wa mto Tana hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, ni nchi ya wafugaji, na mahali penye ngamia pana nyimbo za kuwanywesha, za kuwapakia mizigo na za kuwasifu. Wanawake wana utungo wao, buraanbur, na hadi leo arusi ya mjini Garissa haijakolea mpaka mama mmoja asimame katikati ya ngoma na makofi, awasifu maharusi na koo zao kwa tungo zilizopangika vizuri.

Lakini ninachokisifu zaidi ni kile kinachotokea kabla ya mtunzi kusimama. Mtunzi aliyechagua g huanza na maneno mepesi, yale yanayokuja yenyewe, nayo huisha upesi. Baada ya mistari kumi au kumi na tano hana tena la karibu. Sasa, akiwafuata ngamia wake katika vichaka vya njia ya Modogashe, inambidi achimbe: jina la ngamia wa rika fulani, jina la nyasi, la upepo, la kisima alichonywea babu yake. Na neno linalopatikana kwa shida halikubali kubeba wazo lilelile alilokuja nalo. Alikusudia kulalamika, neno likamlazimisha aulize. Alikusudia kumtukana jirani, neno likamkumbusha kwamba walichangia malisho mwaka wa ukame. Hapo ndipo mtu anapofikiri. Kufikiri hakutangulii kutafuta neno, na hakuji baadaye.

Ndiyo maana nina wasiwasi na desturi inayoota kwa haraka, ya kuiuliza simu kila kitu. Programu za akili unde kama ChatGPT zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ili zikisie ni neno gani yaelekea litafuata jingine. Kwa maneno mengine, zimeundwa zianze na yale mepesi na zisilazimike kuyapita. Kwa tarehe ya mkutano au tangazo la kuuza mbuzi, haidhuru. Ila nawaona vijana wakiomba humo barua ya kumtaka radhi mjomba, salamu za rambirambi, hoja ya kusema barazani, hata jibu la swali la darasani linaloanza na "Unaonaje?" Jibu hutoka limenyooka, na aliyeliomba anabaki hajui anaonaje.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, waliochapisha kitabu chao kuhusu ushairi wa Kisomali mwaka 1964, walitilia mkazo desturi hii: mhifadhi anayeghani shairi la mwingine humtaja kwanza mwenyewe, na hana ruhusa ya kulibadilisha kwa makusudi. Shairi lina mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Katika miaka ya 1920, baada ya wapiganaji wa Madervishi kushindwa, mshairi Ali Dhuh alitunga shairi la kuwachoma watu wa ukoo wa Ogaden, na mnyororo wa majibizano ukazuka uitwao Guba. Qamaan Bulhan akajibu kwa upande wa Ogaden. Yalikuwa maneno makali, na baadhi yake yalitia chumvi kwenye vidonda. Hata hivyo kila mmoja alijua amesema nini, kwa nani, na kwamba jina lake litasafiri pamoja na tusi lake. Maneno ya mashine hayana wa kuulizwa. Kijana akiyasoma barazani na mzee mmoja akauliza, "Na kwa nini wasema hivyo?", hakuna wa kujibu.

Nitaambiwa kila chombo kipya kimewahi kulaumiwa. Ni kweli, na vingine vimeisaidia sanaa hii hii. Mwaka 1979 Gaarriye alianzisha Deelley, mnyororo wa mashairi ya sauti ya d kuhusu ukabila katika siasa. Mshairi Hadraawi na wengine wengi wakajibu, na kanda za kaseti zikayapeleka mbali kuliko mguu wa ngamia. Leo rekodi za WhatsApp hufanya kazi hiyo kati ya Garissa, Nairobi na Minneapolis. Lakini kaseti ilibeba kilichokwisha tungwa. Chombo cha sasa kinataka kutunga, na tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Ningependa mwalimu wa shule ya upili hapa Garissa ajaribu hivi. Awape wanafunzi sauti moja na jambo moja linalowagusa, kama bei ya maji au ndugu aliyehama, na siku mbili bila simu wala karatasi. Mistari minane inatosha, kwa Kisomali, Kiswahili, Kiborana au Kipokomo. Kila mmoja asimame, ajitaje, aseme yake. Kisha wenzake waruhusiwe kumuuliza kuhusu kila neno, naye asikae mpaka ajibu.