Dhamana na Ushuhuda: Jinsi Mpangaji Mwema Apatikanavyo Goma

Katika mji wa Goma, ambao tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliupita katikati ikateketeza maduka na majumba hadi kumwagika katika Ziwa Kivu, na ambao wenyeji wake waliujenga tena juu ya mawe yaleyale, mwenye nyumba wa mtaa wa Himbi au Katindo aghalabu hakosi wa kumbishia hodi. Lililo gumu ni kumbainisha, miongoni mwa hao, yule atakayelipa kwa wakati na kuitunza nyumba kama amana.

Njia iliyozoeleka ni kumtumia komisioneri, ambaye hukusanya habari za nyumba zilizo wazi na kuwazungusha watafutaji. Kazi yake ni halali na ina manufaa. Walakini, kwa kuwa riziki yake imo katika kutimia kwa mapatano wala si katika kudumu kwake, si insafu kumtwika uchunguzi wa tabia za watu.

Wengine hukimbilia garanti kubwa, yaani dhamana ya kodi, ingawa Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imekataza garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Mpaka huo una hekima, kwani fedha nyingi zilizotolewa kwa mkupuo huthibitisha tu kwamba siku ile zilikuwapo, ilhali mwalimu asiyewahi kuchelewesha kodi hurudishwa mlangoni kwa kuzikosa.

Uchunguzi ulio bora huanzia katika nyumba anayoihama mgeni. Ushuhuda wa mwenye nyumba huyo peke yake hautoshi, maana atakaye kuondokewa na mpangaji msumbufu huweza kumsifu kupita kiasi. Majirani na aliyempangisha kabla yake, wasio na maslahi katika jambo hilo, ndio wa kusikilizwa. Kisha huulizwa njia ya kipato: mtumishi wa shirika la misaada hulipwa vema hadi mkataba wake ukome, na mchuuzi wa Birere hupata kidogo kidogo kila siku, hivyo tarehe za malipo zifuate mwendo wa pato la kila mmoja. Mwisho huandikwa mkataba, pamoja na hali ya milango, vioo, paa na mabomba, na wote wawili hutia sahihi kabla ya ufunguo kutolewa.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji na benki zikafunga milango, hata mwenye mshahara alitengwa na fedha zake. Kwa sababu hiyo mkataba na ueleze mapema namna ya kulipa deni kwa mafungu, na mzozo upelekwe kwanza kwenye ofisi ya makazi ili wapatanishwe. Aidha, mpangaji anapohama bila deni wala uharibifu, arudishiwe garanti yake yote. Kwani mgeni mwenye busara naye huulizia sifa za mwenye nyumba, na jawabu hulipata kwa waliokwisha kukaa humo.